Chupa Haihitaji Kiti

Alipoingia nyumbani kwa mtu, kabla salamu hazijaisha, aliomba maji. Hakuwa na kiu. Alitoa kikombe chake cha bati kwenye kiondo, akapokea maji, akaweka funda moja mdomoni na kulishikilia kwa muda ambao mtu angemaliza sala fupi ya chakula. Alipolimeza, alitoa hukumu. Hukumu zake zilikuwa tatu tu: maji ya mtu, maji ya mbuzi na maji ya nguo. Baada ya hapo ndipo alipokaa na kuuliza habari za watoto.

Kijiji kizima tulimwita Mwenyekiti. Aliongoza mwethya wa akina mama, kikundi kinachofanya kazi kwa pamoja, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na ndicho kilichojenga ukuta katika mto wetu. Aliachia cheo zamani, lakini jina halikumwachia. Mama aliyeshika nafasi yake aliitwa Mwenyekiti Mpya, na mpaka ninapoandika haya bado ni mpya.

Mto wetu, kwa mgeni anayetoka mjini Wote kuja kututembelea, ni barabara pana ya mchanga. Maji hupita siku chache wakati wa mvua, kwa fujo, yakibeba miti na wakati mwingine mbuzi, kisha huondoka. Ukuta wa akina mama unakatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma yake mchanga umejaa, na ndani ya mchanga maji hujificha jua lisiyapate. Wakati wa kiangazi unachimba kwa bakuli, kiasi cha urefu wa mkono, unasubiri, na kisima kidogo kinajijaza taratibu huku ukikitazama.

Mwenyekiti hakutaka mtu achimbe popote. Alitembea juu ya mchanga bila viatu, akasimama, akarudi hatua mbili, akasema, "Hapa." Yalipotokea maji, alionja, halafu akampa kikombe aliyekuwa karibu naye. "Wasemaje?"

Mimi nilikuwa jirani yake, lango kwa lango, na kwa kuwa kazi yangu ya ofisini Wote iliniachia Jumamosi na Jumapili, mara nyingi aliyekuwa karibu nikawa mimi. Kwa miaka mingi nilipewa kikombe kile. Mwanzoni nilijibu kila kitu "ni matamu," naye akacheka kwa dharau. "Hata ng'ombe anaweza kusema hivyo. Wasemaje?" Polepole nikaanza kusikia: udongo mwekundu baada ya mvua, ladha ya majani ya mwaka jana, chumvi ndogo inayokuja nyuma ya ulimi wakati maji yanapokaribia kuisha. Alinifundisha kwamba maji yana mbele na nyuma. Mbele ni yale unayosikia yakigusa ulimi. Nyuma ni yale yanayobaki ukishameza.

"Mbele inaweza kukudanganya," alisema. "Nyuma haijui kudanganya."

Sifa za ulimi wake zilifika mbali kuliko miguu yake. Akina mama wa upande wa Kwa Vonza walimwita awaonyeshe pa kujenga ukuta wao, akarudi baada ya siku nne na kuku wawili wa shukrani. Aliwahi kufika hata Tseikuru, kule kaskazini mwa Kitui ambako watu wanafuata mifugo, na hadithi aliyorudi nayo aliipenda sana. Wenyeji walimpa maji, akaonja, akasema ni ya mbuzi. Mzee mmoja akamjibu, "Mama, hapa mbuzi anakunywa kwanza. Akibakisha, ndiyo yetu." Kila aliposimulia alicheka mpaka akashika mbavu, halafu ghafla akatazama kikombe chake.

Siku moja watu wa mradi fulani walikuja kuzindua kisima cha kuchimbwa kwa mtambo karibu na kanisa letu. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na utepe. Kabla utepe haujakatwa, Mwenyekiti alipita katikati ya wageni, akakinga kikombe chake chini ya mfereji.

"Ya mbuzi," alisema.

Kijana mmoja wa mradi, aliyevaa kofia ngumu, akamwambia kwa adabu, akimwita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, hii maji imepimwa na mashine."

"Mimi si cucu wako, mimi ni Mkamba. Niite susu. Na hiyo mashine yako, yenyewe inakunywa?"

Watu walicheka, kijana naye akacheka, utepe ukakatwa. Kabla ya Krismasi mabomba yalikuwa meupe ndani kama sufuria iliyochemsha chokaa, na waliokuwa wakipanga foleni pale walikuwa na pembe. Mwenyekiti hakumkumbusha mtu. Lakini alipopita pale na kikundi chake, aliwasalimia mbuzi kwa mikono miwili kama waumini.

Hakuwa mtu wa ukweli katika kila kitu, na sitaki kumpaka asali. Umri wake aliutaja alivyopenda. Kwaya ya vijana iliimba vibaya kila Jumapili, naye kila Jumapili aliwaambia wameimba kama malaika. Alihubiri kwamba sukari inaua, halafu akatia vijiko vinne kwenye chai, na ukimtazama anasema, "Chai si maji." Nilipomuuliza juu ya kwaya, alijibu bila aibu: uongo mwingine unasaidia watu wakae pamoja kanisani. "Uongo wa maji ndio sitaki. Huo unaua mbuzi leo na mtoto kesho."

Na hakuutaka kweli. Mama mmoja wa mwethya alifua nguo upande wa juu wa ukuta, mahali tunapochota, akakana, ingawa povu lilikuwa bado linamng'ang'ania miguuni. Wengine walitaka alipishwe kuku. Mwenyekiti alikataa. "Kufua, nimesamehe. Kukana, hapana." Kwa muda wa mwezi mzima mama yule alichota wa mwisho, baada ya punda. Alipomaliza adhabu yake, Mwenyekiti mwenyewe alimjazia mtungi wa kwanza na kumtwisha.

Kitu kimoja kilinishangaza zaidi ya vyote. Mtu huyu aliyeyajua maji kuliko sisi sote aliyaogopa. Mto ulipojaa, vijana wakikimbilia ukingoni kushangilia, yeye alisimama juu kabisa penye njia, leso ameikaza kifuani, akitetemeka.

"Napenda maji yaliyotulia," aliniambia mara moja tukiwa tumesimama pale. "Haya yana haraka ya kutuacha. Yanaenda wapi?"

Nilimweleza: mto wetu unaingia katika mwingine, ule unaingia Athi, Athi inabadilisha majina njiani na kufika baharini. Alijua hayo, nadhani, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ukuta wangu unashika kidogo tu," alisema. "Mengine yote yananipita." Alitazama maji mekundu yakiruka juu ya ukuta. "Siku moja nataka kuonja yale yaliyonishinda."

Hilo alilisema msimu wa mvua uliotangulia safari yetu. Nalitaja hapa ili msomaji ajue kwamba nilikuwa nimeambiwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu. Mke wangu alikuwa amepata likizo, watoto wamefunga shule, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na gari letu wenyewe, kuukuu lakini zima. Tulichagua kisiwa kidogo cha kusini mwa Mombasa ambacho mtu mmoja wa ofisini alikisifu. Jioni ya kufunga mizigo, Mwenyekiti alivuka njia na kuja kusimama kando ya gari. Aliligonga kidogo bodi, kama mtu anayepima tikiti maji.

"Baba Mwende, mnaenda bahari."

"Tunaenda, Mwenyekiti. Siku tatu tu."

"Hii inabeba watu wangapi?"

Gari lile lina viti saba. Viwili vya nyuma kabisa vinakunjwa, na nilikuwa nimevikunja nikaweka jokofu dogo, mpira wa kuogelea, na begi la nguo ambazo nyingi hatukuzivaa. Sisi tulikuwa wanne.

"Watano," nilisema. "Na mizigo vile unavyoona, tumejaa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Au najua. Nilitaka siku tatu za kuwa baba na mume tu, bila mtu wa kuonja maji ya kila hoteli na kumwambia mwenye hoteli ni ya mbuzi. Niliona haya kabla ya aibu yenyewe kutokea.

Aliingiza mkono ndani ya kiondo, akatoa chupa ya plastiki ya nusu lita, imeoshwa ikang'aa, kifuniko kimekazwa.

"Basi, chupa haihitaji kiti," alisema. "Nijazie."

Niliipokea kwa mikono miwili na kuahidi.

Kisiwa kile ni kirefu na chembamba, hakina gari hata moja. Unavuka kwa mashua ya injini, unashuka kwenye ngazi za mawe, na kutoka hapo ni miguu yako. Ardhi yake yenyewe ni matumbawe yaliyokauka, mawe ya kijivu yenye ncha na matundu. Upande mmoja bahari iliyarudisha maji yake mbali, ikaacha bustani ya mawe yaliyosimama kama watu, na akina mama wa kisiwani wamejenga njia ya mbao juu ya miti ya mikoko ili wageni wapite bila kukanyaga tope. Tulipita pale asubuhi ya kwanza. Mwende, wakati huo miaka tisa, alihesabu kaa. Kioko, wa miaka mitano, alichovya kidole baharini, akakilamba, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka.

"Baba! Wameweka chumvi!"

Tulicheka wote, na mama yao akaandika maneno yale kwenye simu yake yasipotee. Nilimkumbuka Mwenyekiti dakika ile. Chupa ilikuwa kwenye begi, chumbani. Nikajiambia: kesho.

Mama aliyetukodishia chumba alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya juu. Alitupa maji ya kunywa katika jagi lililofunikwa. Nilipomeza, ulimi wangu ulifanya kazi uliyofundishwa. Hakukuwa na udongo wala jani. Mbele yalikuwa safi tu, na nyuma yake kitu kidogo kama moshi.

"Haya ni maji ya mvua," nilisema.

"Umejuaje?" Aliniangalia upya. "Hapa hatuna kisima, mwanangu. Ukichimba wapata chumvi. Twakinga kwenye paa, twaweka kwenye birika, lile tangi la mawe pale uani. Mvua ya kwanza twaiacha ipite, ioshe paa. Ya pili ndiyo yetu."

Mke wangu aliniangalia. Mvua ya kwanza ioshe, ya pili inywewe: tulikuwa tumeyasikia maneno hayo lango kwa lango, kwa miaka mingi, kutoka mdomo mwingine.

"Na nyinyi watu wa bara," mama yule aliuliza, "mwapata wapi maji?"

"Kwenye mchanga."

"Mchanga mkavu?"

Nikamweleza ukuta. Nikamweleza bakuli, na mwanamke anayetembea bila viatu na kusema "hapa." Alikuwa akiparua samaki, akaacha kisu. Akauliza ukuta una upana gani, nani alibeba mawe, maji hukaa miezi mingapi, kama mchanga hauyaharibu. Nilijibu nilivyoweza, na maswali mengine yakanishinda. Mwisho akasema, "Huyo mama yenu mngekuja naye. Angekaa hapa kwangu, bure. Mimi na yeye tuna mazungumzo."

Nilisema wakati mwingine. Watu husema hivyo.

Siku ya pili tulizunguka kisiwa kwa mashua, tukaogelea, tukala samaki na wali wa nazi. Siku ya tatu mwenye mashua alitaka tuondoke mapema kabla maji hayajatoka, Kioko akapoteza kiatu, tukakimbia. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Kila nilikogeuza uso ilikuwepo: ukifungua dirisha, ukila, ukilala unaisikia. Bahari ilikuwa kila mahali, ndiyo maana sikuichota. Kitu kilichokuzunguka pande zote hakikukumbushi kwamba utakiacha.

Nilikumbuka tukiwa Makindu, tulipochepuka kutoka barabara ya Mombasa kuelekea Wote. Tulikuwa tumesimama hotelini kwa chai. Nilifungua begi kutafuta sweta ya Kioko, nikaishika chupa, nyepesi, kavu, kifuniko bado kimekazwa kama alivyokikaza yeye.

Nilinunua pakiti ya chumvi katika duka la jirani. Nilirudi kwenye mfereji wa kunawia mikono, nikajaza chupa, nikatia chumvi, nikatikisa, nikaonja, nikaongeza. Mke wangu alinikuta hapo.

"Baba Mwende, unafanya nini?"

"Sikuchota."

Alitazama chupa, akatazama pakiti. "Huyu mama anajua kila kisima mpaka Kwa Vonza. Na wewe unamtengenezea bahari hotelini?"

"Bahari hajawahi kuionja. Atajuaje?"

"Mwambie tu umesahau. Atakusema, atanyamaza."

"Ameniomba kitu kimoja, Mama Mwende. Kimoja."

"Ndiyo maana," alisema, akageuka kwenda kuwaita watoto. Mwende alikuwa tayari amefika. Alikuwa amesimama nyuma ya mamake, na mkononi ana kombe alilookota ufukweni. Alinitazama mimi, kisha mfereji.

Nilidhani ningempa langoni, haraka haraka, na kuaga. Lakini Mwenyekiti alikuwa amewaalika akina mama sita wa mwethya. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka barazani pake, nguo safi, chai imechemka. Alisimama akaomba, akamshukuru Mungu kwa safari njema na kwa maji yote, yanayokaa na yanayoondoka. Kisha akapokea chupa kwangu, akajimiminia kidogo katika kikombe cha bati.

Alishikilia funda lile mdomoni muda mrefu. Nilitazama koo lake. Lilimeza. Uso wake haukubadilika.

"Haya," alisema. "Wapitishie wengine."

Kikombe kilizunguka. "Woi!" mmoja alitema mbali. Mwingine alicheka mpaka machozi: "Ati hii ndiyo watu wanalipa kwenda kuogea?" Yule aliyefua juu ya ukuta alisema sasa anajua kwa nini mzungu ni mwekundu, anapikwa na chumvi. Walikuwa na furaha. Mwenyekiti alikuwa amekaa katikati yao, akikaza kifuniko.

"Uliyachota wapi, Baba Mwende?"

"Upande wa nje wa kisiwa," nilisema. "Asubuhi, kabla watu hawajaingia majini. Ili yawe safi."

Hayo ya asubuhi hakuniuliza. Niliyaongeza mwenyewe.

"Muvea," alisema. "Asante. Umefanya kazi." Akainuka, akaiweka chupa juu ya kabati, kando ya Biblia.

Kuanzia siku ile sikupewa kikombe tena. Haikuwa ugomvi. Alinisalimia, akauliza habari za watoto, akaniletea kunde zilipokomaa. Lakini mtoni, alipoonja maji ya kisima kipya, kikombe alimpa mwingine, hata kama mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mara ya kwanza nilisema hakuniona. Mara ya pili nilisema anafundisha vijana. Kazi yangu ni kuangalia mambo na kuyaandika yalivyo, na kwa mwaka mzima na zaidi niliangalia jambo hili nikaliandika kwa namna nyingine moyoni.

Kisha shule ya Mwende ilipeleka watoto Mombasa kwa ziara ya siku mbili. Alirudi amechoka, akaingia jikoni nilikokuwa, akatoa kwenye begi lake chupa iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki mara tatu.

"Hii ni ya Mwenyekiti," alisema. "Hii ni ya kweli, Baba."

Hakunilaumu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa amebeba jambo langu muda wote huo.

Ningevuka njia jioni ileile. Sikuvuka. Kupeleka ya pili kulikuwa ni kusema ya kwanza ilikuwa nini, na ya kwanza ilikuwa bado juu ya kabati, kando ya Biblia. Niliiweka chini ya sinki. Mwende aliuliza mara moja, mara mbili, akaacha. Chupa ilikaa pale msimu wa mvua ukapita wote. Katika muda huo Mwenyekiti alianza kwenda hospitali, akawa anatembea na fimbo, kisha akawa hatembei mbali.

Nilimpelekea Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa amekaa barazani kwenye jua, leso begani, na shamba lake dogo la mboga mbele yake. Alikuwa amepungua sana. Niliiweka chupa juu ya meza.

"Mwenyekiti," nilisema, "ile ya kwanza haikuwa bahari."

"Ilikuwa Makindu," alisema.

Nilikaa.

"Mimba ya kwanza niliibebea Makindu," aliendelea, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. "Nilikunywa yale maji mpaka nikayachukia. Ungeweka chumvi gunia, ningeyajua tu. Na haikuwa na nyuma. Ilikuwa chumvi mbele, halafu basi."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya wale sita?" Alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Ningesema, ungechota baada ya punda. Na watoto wako walikuwa wanatazama pale langoni. Nikaona mmoja wetu adanganye. Nikameza."

Nilitaka kuomba msamaha, na nadhani niliomba, lakini alikuwa ameshachukua chupa na kuigeuza kwenye mwanga. "Hii nani amechota?"

"Mwende."

"Mm." Alitabasamu kidogo. "Lete kikombe."

Nilikileta kutoka kwenye kiondo chake. Nilimimina. Alikiinua, akakinusa, akakirudisha mezani bila kuonja.

"Dawa zimeniharibia ulimi," alisema. "Miezi miwili sasa. Chai ni chuma, uji ni chuma. Hata sukari. Mungu ananicheka." Akasukuma kikombe upande wangu wa meza. "Onja wewe. Wasemaje?"

Nikaonja kama alivyonifundisha, nikashikilia, nikameza.

"Chumvi mbele," nilisema. "Nzito. Inajaza mdomo wote."

"Na nyuma?"

"Uchungu. Kama mtu amelamba jani la mwarobaini, lakini kidogo. Halafu unakaa. Hauondoki."

"Unakaa." Alifumba macho. "Ndiyo. Na mto wetu? Umo?"

Ningeweza kusema umo. Alikuwa mgonjwa, na lingemfurahisha, na nani angenipinga? Nikaonja tena. Nilitafuta udongo mwekundu, nikatafuta majani ya mwaka jana.

"Sijui, Mwenyekiti. Mimi sikuusikia. Wewe ungekuwepo, ungejua."

Kuku alipita, akadonoa karibu na fimbo yake.

"Kiti kilikuwepo," alisema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama alivyosema ya mtu, ya mbuzi, ya nguo.

"Kilikuwepo," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Nilimweleza basi juu ya mama wa kisiwani, birika zake, mvua ya kwanza inayoosha paa, na maswali aliyouliza ambayo sikuweza kujibu. Aliyajibu yote, moja baada ya jingine, upana wa ukuta, nani alibeba mawe, miezi mingapi, macho yakiwa bado yamefumbwa, kana kwamba yule mama alikuwa amekaa nasi pale. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyebaki wa kumpelekea majibu hayo isipokuwa mimi, na sijayapeleka.

Jua lilipofika miguuni pake nilisimama kuaga. Nilitaka kumwaga yaliyobaki pale chini ya ngazi.

"Si hapo!" alisema, na ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya mtoni. "Unataka kuniulia mboga? Peleka mtoni. Na umwage chini ya ukuta, umesikia, si juu. Juu tunakunywa."

Nikaichukua na ile ya kwanza juu ya kabati, nikashuka mtoni na chupa mbili, ile yake ya Makindu na ile ya Mwende. Hapakuwa na mtu. Nilipita juu ya ukuta wa akina mama, nikashuka upande wa pili, nikatembea hatua kadhaa ili niwe na hakika. Nikamwaga. Mchanga uliyanywa yote mara moja.